Kihamba si msitu uliokatwa: barua ya wazi kwa Brussels na kwa wanunuzi wa kahawa

Kwa Waheshimiwa wakuu wa Tume ya Ulaya, Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja wa Ulaya,

Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazonunua, kusafirisha na kukaanga kahawa,

Nakala: Wizara ya Kilimo na Bodi ya Kahawa Tanzania.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Kazi yangu ni mizani, daftari na stakabadhi. Mkulima analeta kahawa, napima, naandika kilo, nachana stakabadhi, anaondoka nayo. Hata aliyeleta kilo tatu anaondoka na karatasi yake, kwa sababu ndiyo itakayomsemea siku ya malipo ya pili.

Tangu mwaka juzi nimeongezewa kazi nyingine. Napita kihamba kwa kihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa, na simu mkononi, nachukua alama za mahali kilipo kila kihamba, ili kahawa yetu iendelee kukubalika kwenye soko lenu. Wanachama wetu ni mia tatu na ushee. Nimewapitia wote, na wengine nimewapitia mara mbili. Ninawaandikia kwa ajili ya kazi hiyo.

Siwaombi mfute sheria yenu. Barua za namna hiyo mmeshazipata za kutosha. Sheria namba 2023/1115, inayofunga mlango kwa kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, mimi naiunga mkono, na kwenye mkutano mkuu wa chama chetu niliitetea mbele ya watu waliokuwa wamekasirika. Tunaishi chini ya msitu. Juu ya vihamba vyetu kuna Nusu Maili, ukanda uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia msitu wenyewe, na juu yake ndiyo hifadhi. Maji ya mifongo, mifereji yetu ya asili, yanashuka kutoka huko. Oktoba 2020 mlima ulipowaka moto siku baada ya siku, walipanda wanafunzi na vijana wa vijijini kusaidiana na askari wa hifadhi. Hakuna mtu wa mteremko huu anayehitaji kuelezwa kazi ya msitu.

Tena najua kwamba nchi yangu si safi katika jambo hili. Kwa hesabu za serikali yetu wenyewe, Tanzania imekuwa ikipoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kwa mwaka, sehemu kubwa kwa mkaa na kwa mashamba mapya. Mkaa huo hauji Hamburg wala Antwerp, unaishia kwenye majiko ya miji yetu, na sheria yenu haiugusi. Deni hilo ni letu na serikali yetu.

Kilichonifanya niamini kwamba sheria inahitajika ni historia ya ahadi. Mwaka 2010 kampuni kubwa za bidhaa za walaji, kupitia umoja wao wa Consumer Goods Forum, ziliahidi kusaidia kumaliza ukataji wa misitu katika biashara zao ifikapo 2020. Mwaka 2014 likaja Tamko la New York kuhusu misitu: kupunguza ukataji kwa nusu ifikapo 2020. Mwaka 2020 ukapita, ahadi zote mbili zikabaki kwenye karatasi. Mwaka 2021, kule Glasgow, nchi zaidi ya 140 zikaahidi upya, safari hii ifikapo 2030. Kisha mwaka 2024 dunia ikapoteza hekta milioni 6.7 za misitu ya asili ya kitropiki, nyingi kuliko mwaka wowote tangu hesabu hiyo ianze kufanywa kwa setilaiti, na karibu nusu yake iliteketea kwa moto. Mtu aliyeahidi mara tatu na bado miti inaanguka, safari ya nne unamwandikia mkataba. Ndivyo mlivyofanya, na mlifanya vyema.

Lakini mkataba huo umekuja kumshika nani? Naomba niwapeleke kwenye kihamba kimoja.

Ni kihamba cha bibi mmoja mjane, robo tatu ya ekari. Nilifika asubuhi na umande bado uko kwenye migomba. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza leo nimekuja kupima nini tena. Nikamweleza kwamba wanunuzi wa Ulaya wanataka kujua kahawa yake inatoka mahali gani hasa.

"Inatoka hapa," akasema. "Si unaiona?"

Akanizungusha mpakani. Kwetu mpaka wa kihamba ni masale, yale majani marefu ambayo pia mtu hubeba anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hapaswi kukataa. Yake yalipandwa na baba mkwe wake. Ndani ya masale kuna migomba, chini ya migomba kuna mikahawa ambayo mingine ina umri mkubwa kuliko mimi, kati yake magimbi, na juu ya vyote mringaringa mmoja mkubwa, mifuruanje miwili na migrivea aliyopanda mumewe kwa ajili ya mbao za nyumba. Ukisimama katikati hapo unaona anga vipande vipande tu.

Na simu inaona hivyohivyo. Sheria yenu inataka latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, yaani upana wa kiganja. Chini ya migomba, simu yangu inakosea mita kumi, wakati mwingine kumi na tano. Nasimama, nahesabu dakika, nausubiri mshale utulie, nasogea penye mwanya wa majani, narudia. Sijalalamikia hilo, kwa sababu kwa shamba lililo chini ya hekta nne mmeruhusu alama moja tu, na huo ni uungwana. Naeleza ili mjue kila alama inayowafikia kwenye kompyuta ina mtu aliyesimama kwenye tope kuipata.

Nilipomaliza, bibi akanyoosha mkono. Nikadhani anataka nimsaidie kushuka ngazi ya udongo. Akasema, "Stakabadhi yangu."

Sikuwa nayo. Kwa kilo tatu za kahawa nina stakabadhi ya kumpa. Kwa alama ya ardhi aliyozikiwa mumewe, sina. Alama ile ilikwenda moja kwa moja kwenye programu ya mnunuzi aliyetuletea kazi hiyo, na chama chetu hakikuachiwa hata nakala. Msimu uliofuata mnunuzi huyo hakurudi. Akaja mwingine, na programu yake, na masharti yake, tukaambiwa tuanze upya kutoka kihamba cha kwanza. Ndiyo maana nimesema wengine nimewapitia mara mbili. Posho ya mara ya kwanza ililipwa kwa wiki mbili. Ya mara ya pili tuliilipa wenyewe: mkutano mkuu ulikubali kukata shilingi 20 kwenye kila kilo ya mwanachama.

Waheshimiwa, hapo ndipo sheria nzuri inapopinda. Mmewaambia wenye kampuni kwamba wajibu ni wao, na mmeweka adhabu ambayo ukomo wake wa juu hauwi chini ya asilimia 4 ya mauzo yao ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya. Ni adhabu ya kweli. Ila kutoka kwenu wajibu unashuka: mkaangaji anamwambia mwagizaji, mwagizaji anamwambia msafirishaji, msafirishaji anakiambia chama, na chama kinamkata bibi shilingi 20. Kifungu cha 11 kinagusa jambo hili, kinasema hatua za kampuni zinaweza pia kuhusisha kuwasaidia wauzaji wake, hasa wakulima wadogo, kwa mafunzo na uwekezaji. Zinaweza. Bei ya haki kwa mzalishaji nayo imetajwa kwenye utangulizi tu, mahali pasipomfunga mtu. Mlipoahirisha kuanza kwa sheria kwa mara ya pili, mliagiza ipitiwe tena ili irahisishwe. Mtakaposhika kalamu, badilisheni hilo "zinaweza" liwe "lazima". Gharama ya kupima kihamba na iandikwe kwenye ankara ya mnunuzi, kama inavyoandikwa gharama ya gunia na ya meli.

Nije kwenye rangi ya kijani.

Kituo chenu cha utafiti kimetoa ramani ya misitu ya dunia kama ilivyokuwa mwaka 2020. Kijana mmoja wa hapa kijijini anayesoma chuo aliifungua kwenye kompyuta, akaniita. Tukatafuta kijiji chetu, tukakuta vipande vya vihamba vyetu vimepakwa kijani, rangi ya msitu. Setilaiti haikudanganya, iliona miti. Lakini vihamba hivi vimelimwa na babu zetu kabla Wajerumani hawajafika, na mwaka 1933 kiliundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro kuuza kahawa yake. Sheria yenu yenyewe iko wazi: mazao yanayolimwa chini ya miti ni kilimo, si msitu. Nanyi mmesema ramani hiyo si kithibitisho cha lazima. Yote ni kweli kwenye maandishi.

Kwenye biashara ni hivi. Kontena moja hubeba kama magunia 320 ya kilo 60. Kwa mavuno ya kwetu, kulijaza kunahitaji kahawa ya mamia ya kaya. Mtumishi wa kampuni, pengine huko Hamburg, anapakia alama zote kwenye mfumo, ramani inamwambia kumi na saba ziko ndani ya msitu. Mwenye migrivea ameangusha miwili mwaka 2022 apaue nyumba, na kwenye picha ya mwaka uliofuata pale pana mwanya. Mtumishi huyo hajui grivea ni nini. Anajua asilimia 4. Atafanya nini? Ataacha kontena letu na kuchukua la shamba moja kubwa lenye mkahawa uliopangwa mistari juani, bila mti hata mmoja, lenye faili moja la mipaka lililochorwa na mhandisi. Huko miti iliondolewa zamani, kabla ya 2020, kwa hiyo hakuna cha kuuliza. Aliyeiacha miti ndiye anayeulizwa maswali.

Hili si la kuwaza tu. Desemba 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba waagizaji wa Ulaya wameanza kupunguza ununuzi kwa wakulima wadogo wa Afrika kwa sababu ya sheria hii, Ethiopia ikiwa mfano. Na Ethiopia ndiko kahawa hii ya arabika ilikoanzia, chini ya miti.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja mahususi kwenye ramani: mlango wa kusahihisha. Chama cha msingi kikileta alama, picha zilizopigwa ardhini na muhuri wa serikali ya kijiji kwamba mahali hapa ni kihamba cha kahawa tangu zamani, rangi ibadilishwe, na ibaki imebadilishwa kwa kila mnunuzi atakayefuata. Afisa wenu mmoja akae Moshi miezi mitatu ya msimu. Tutamzungusha.

Kuhusu makapu ya nchi, nitasema machache, maana linanisumbua. Mei 2025 mlizigawa nchi katika makapu matatu ya hatari. Kapu la juu mkaweka nne: Urusi, Belarus, Korea Kaskazini na Myanmar. Hizo ni nchi zilizo kwenye vikwazo. Brazil, Bolivia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tatu zilizoongoza kwa kupoteza misitu ya asili mwaka 2024, mmeziweka kapu la kati, pamoja na Tanzania. Ina maana soya iliyotoka pembezoni mwa Amazon na kahawa ya robo tatu ya ekari zitakaguliwa kwa kiwango kimoja, asilimia 3 ya waagizaji. Kapu lingepangwa kwa eneo na kwa zao, siyo kwa bendera, lingewasaidia kuweka macho mahali miti inapoanguka. Vilevile sehemu kubwa ya Cerrado ya Brazil, ambako soya inazidi kuchukua nyika yenye miti, haihesabiwi kuwa msitu kwenye sheria yenu, na benki zinazokopesha wenye mashamba hayo ya soya hazimo kabisa. Mambo hayo mawili mlikuwa mmeahidi kuyatazama. Msiyaache yafie kwenye neno "kurahisisha".

Na sasa uahirisho. Sheria ilikuwa ianze kufanya kazi tarehe 30 Desemba 2024. Siku chache kabla, mkasogeza mwaka mmoja. Desemba 2025, tena siku chache kabla, mkasogeza mwaka mwingine: kampuni kubwa na za kati zianze tarehe 30 Desemba 2026, ndogo tarehe 30 Juni 2027. Najua wapo waliofurahi, hata huku kwetu. Lakini mnajua ilivyokuwa kwenye ofisi yangu? Mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya wanachama nikawaambia: tupime, Desemba ni karibu, atakayechelewa kahawa yake itabaki ghalani. Wakaacha kupalilia, wakanisubiri nyumbani. Desemba ikafika, nikarudi kuwaambia bado. Mwaka wa pili nikasema vilevile, nikarudi vilevile. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu sana, akaniambia kwa upole mbele ya wenzake, "Karani, sasa tunakusikiliza kwa sababu ya heshima tu." Aliyejitayarisha ametumia fedha bure kwa miaka miwili, na kampuni ambayo haikufanya lolote imeokoa fedha. Kila mkisogeza tarehe, mnamlipa asiyefanya. Hii ya 2026 isisogee.

Wakurugenzi wa kampuni, nyinyi sina haja ya kuwaandikia mengi. Kwenye mifuko yenu ya rejareja mnachapa picha ya mlima wetu. Alama mlizochukua kwetu turudishieni nakala, zote, kwa mpangilio ambao mnunuzi yeyote anaweza kuusoma. Mkisitisha kununua kwa chama kwa sababu ya ramani, andikeni barua ya sababu na alama zenye shaka, ili tuzithibitishe kabla kahawa haijapoteza ubora ghalani. Na mkataba wenu na chama uwe wa misimu mitatu, siyo mmoja, maana hakuna mkulima anayeweza kulipia vipimo vya mtu ambaye mwakani hatamwona. Hayo hayahitaji sheria ya Brussels. Mnaweza kuyaanza msimu huu.

Kwa wakubwa wetu wa nyumbani, Wizara na Bodi: zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania inatoka kwa wakulima wadogo, na hivi sasa taarifa za ardhi zao zimetawanyika kwenye programu za watu binafsi ambao hatuna amri juu yao. Taarifa hizo zilipaswa kukaa kwenye daftari moja la taifa, kila chama kiingize zake na kuziona, mnunuzi aombe ruhusa ya kuzisoma na alipie. Tungepima mara moja. Mtu akigawa kihamba kwa wanawe, karani angerekebisha. Tunaomba pia chama kipewe hata simu moja yenye kipokezi kizuri, kuliko hii yangu iliyopasuka kioo. Na hoja ya mkaa na uvamizi wa misitu msiiache iwe ya wageni kutukumbusha, maana mnunuzi wa Ulaya akituuliza hali ya misitu ya nchi yetu, jibu la kihamba peke yake halitatosha.

Msimu unafunguliwa Julai. Nimeanza utaratibu wangu mdogo. Kila mkulima nikimpimia kahawa, nageuza stakabadhi yake na kuandika nyuma, kwa kalamu, zile namba mbili za kihamba chake, tarakimu zote sita, na tarehe nilipozichukua. Mnunuzi hajaniomba nifanye hivyo na mfumo wenu hauitambui karatasi hiyo. Yule bibi nilimpelekea yake nyumbani. Aliisoma polepole, namba moja moja, akaikunja na kuiweka ndani ya mkoba anakohifadhi cheti cha kifo cha mumewe na risiti za ada za wajukuu.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu,

Karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa,
Kilimanjaro, Tanzania